Mguu uko kwenye P.O.P, roho iko Lukozi. Wewe ukifungiwa ndani unakimbilia wapi?

Utingo Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Leo siku ya 19 niko ndani. Bodaboda iliteleza kwenye tope huku Mbagala, dereva akainuka akajipangusa, mimi nikabaki chini na ugoko umevunjika sehemu mbili. Nimepigwa P.O.P, plasta ngumu ya mifupa, kutoka pajani hadi karibu na vidole, watoto wa jirani wanauita muhogo. Nimeambiwa wiki 8 mguu usikanyage chini.

Chumba kina dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Ukuta una ufa. Ufa ule sasa naujua kuliko ninavyoijua familia ya mke wangu. TV imenichosha, bando ni la kuhesabu, na shemeji yenu kasema nikimwita tena kuja kugeuza mto anarudi kwao.

Nimegundua mchezo mmoja. Saa 8 usiku mguu ukianza kugonga, nafumba macho nasafiri. Siendi Zanzibar wala Serengeti. Naenda Lukozi kupakia kabichi.

Kwa wasionijua, kabla sijaoa nilikuwa utingo wa Fuso la mboga miaka 4, Dar kwenda Lushoto na kurudi. Kwa hiyo nasafiri kwa utaratibu, siruki kituo. Natoka sokoni Ilala gari tupu, turubai linapiga makofi nyuma. Chalinze, chai na chapati za jana. Wami, lile daraja la zamani jembamba, magari yanapita kwa zamu. Nasubiri lori la mbele limalize, nasubiri kweli, ingawa yote haya yako kichwani. Mkata. Kabuku. Michungwani, wauza machungwa wanakimbilia dirishani. Segera, njia ya Tanga inabaki kulia, sisi kushoto. Korogwe. Mkonge mistari mistari hadi macho yanachoka. Mombo.

Mombo ndipo utamu unapoanza. Joto bado ni lile lile la Dar, shati limeganda mgongoni. Gari linakunja kulia, linaingia mlimani, kama kilomita 33 hadi Lushoto mjini, kona juu ya kona, mwamba upande huu na upande ule unamwachia Mungu. Masikio yanaziba. Ukifika Soni, kwenye maporomoko, kuna hewa inakupiga usoni yenye maji, majani mabichi na moshi wa kuni. Hapo dereva wangu alikuwa na neno lake moja: "Vaa sweta, mtoto wa pwani." Ukivuka Lushoto unapanda Magamba, msitu unafunga anga, kisha unatokea upande wa pili kwenye mabonde ya mboga. Lukozi. Karoti zimeshindiliwa lumbesa, kabichi rundo hadi kifuani, na mama mmoja wa chai ya tangawizi aliyekuwa hakopeshi mtu wa Dar.

Kuna usiku sifiki. Naishia Michungwani, usingizi unanibeba. Siku hizo ndizo nzuri zaidi.

Haya, na ninyi? Masharti mawili tu. Utuambie unafikaje, kituo kwa kituo. Na utuambie pua inapata nini kwanza. Picha za kuokota mtandaoni sizitaki.

Kidume cha Tegeta

Pole sana mkuu. Mimi bila kupepesa macho, Maldives. Nyumba juu ya maji, maji bluu, juisi mkononi.

Utingo Mstaafu

Unapandia wapi?

Kidume cha Tegeta

Airport.

Bi Mkasi

Na pua inapata nini?

Kidume cha Tegeta

AC.

Bi Mkasi

Nimecheka mpaka mteja kaniuliza kama ni gauni lake. Mkuu, huko hujawahi kufika hata kwa ndoto. Kaa chini upange foleni upya.

Mchumi Mbishi

Watu wazima mnakaa kuota kabichi. Huo muda ungeutumia kujifunza kitu cha kukuingizia hela. Ndiyo maana nchi haiendi.

Utingo Mstaafu

Mkuu, nchi iende tu, itanikuta. Mimi hata chooni siendi peke yangu.

Sista Zai

Pole kaka. Nimeingia kusoma, nikaona nisipite kimya, kazi yangu ni wodi ya mifupa. Mguu uinuliwe juu ya mito, uwe juu kuliko kifua, hasa usiku huo unaosema unagonga. Vidole vichezeshe kila saa hata kama unajiona mjinga. Vikianza kufa ganzi, kuwa baridi au kubadilika rangi, au maumivu yakazidi hata ukimeza dawa, usisubiri asubuhi wala usisafiri Lukozi, rudi hospitali. Na usichokonoe ndani ya P.O.P kwa kijiti. Najua unachokonoa, wote wanachokonoa.

Utingo Mstaafu

Sista, nani kakwambia habari ya spoku ya baiskeli? Nimeitupa. Asante.

Mama Kachanga

Jamani ngojeni na mimi niseme. Siumwi, nimejifungua. Leo siku ya 23 na arobaini haijafika, niko chumbani Tabata na mama mkwe kahamia kabisa. Asubuhi kukandwa maji ya moto, mchana mtori, jioni uji wa pilipili manga, dirisha lisifunguliwe mtoto ataingiwa na upepo. Nampenda mama, lakini hewa ya chumba hiki unaweza kuikata kwa kisu.

Mimi nakwenda Pangani. Natokea Tanga mjini, sio Muheza, njia ya pwani. Gari limejaa ndoo tupu za wauza samaki. Tongoni pale kwenye magofu, Kigombe, halafu minazi inazidi, mkonge unazidi, barabara inaanza kushuka na mto unauona ghafla, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Pua inapata matope ya mikoko na samaki wa kukaanga kwa wakati mmoja. Sishuki mjini. Natembea moja kwa moja hadi kivukoni, napanda kivuko kwenda Bweni, na nikifika Bweni sifanyi chochote. Napanda tena narudi. Nakwenda na kurudi na upepo unaingia kwenye mikono ya gauni.

Upepo tu, jamani. Hata wa dakika 5.

Bi Mkasi

Shoga, mwambie mama mkwe unataka kumsaidia kuanika nguo za mtoto.

Mama Kachanga

Nguo anaanika mwenyewe. Anasema mwanamke wa arobaini akigusa maji baridi mifupa itamkumbusha uzeeni.

Mwana wa Kale

Salamu kutoka Mombasa, nduza zangu. Uzi huu umenirudisha mwaka 2020, wakati wa korona. Ninyi Bongo mlikuwa mwatembea wakati ule, sisi Kenya kulikuwa na kafyu ya kuanzia saa 1 jioni tangu mwisho wa Machi. Kisha tarehe 6 Mei serikali ikatangaza kuufunga Mji wa Kale, sisi Mombasa na wenzetu wa Eastleigh kule Nairobi siku moja. Hapana kutoka, hapana kuingia. Na ilikuwa Ramadhani katikati. Walisema siku 15, zikaisha, wakaongeza. Idi ilitukuta humo humo.

Sasa nisikizeni mahali nilipokuwa nikienda. Lamu? Watamu? La. Nilikuwa nikienda Lights, pale ufukweni Mama Ngina. Kutoka kwetu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na tena ukijikokota. Maisha yangu yote nilipita pale bila kupaangalia. Nikafungiwa, pakawa ndipo mahali pa pekee duniani.

Kila baada ya alasiri, njaa ya saumu ikikaza, nalala sakafuni nikitembea. Natoka kichochoroni, napita Ngomeni, Fort Jesus. Ngome ile Mreno aliianza 1593 na mimi nikiwa mdogo nilidhani ni nyumba ya mzimu. Nashika Treasury Square, napita uwanja wa gofu, mibuyu inaanza. Pua hapo yapata kachri za muhogo zikitoka mafutani, na ndimu na pilipili ya unga. Nakaa ukutani. Meli yuwaja taratibu kuingia Kilindini, kubwa kama mtaa, karibu kiasi kwamba waona mabaharia wakianika fulana.

Siku tulipofunguliwa nilikwenda mbio. Nikanunua kachri, nikakaa pale pale. Mkiniuliza, ilikuwa nzuri. Lakini ile ya sakafuni ilikuwa na meli zaidi.

Ngoja Waje

Naweka kambi hapa. Uzi mtamu.

Mfipa Ughaibuni

Mwana wa Kale umenichokoza. Mimi msimu wa baridi wa 2020 kuingia 2021 ulinikuta kaskazini mwa Ujerumani, chumba kimoja, maduka yamefungwa, jua linazama saa 10 alasiri kama limeudhika. Nilichokuwa nakikimbilia ni sitaha ya Liemba.

Waliozaliwa mbali na Ziwa Tanganyika labda hawajui. Meli hii iliundwa 1913 Papenburg, mji mdogo ambao kutoka ninapokaa si safari ya kufungia chakula. Wakaifungua vipande vipande, ikaja kwa bahari hadi Dar, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaunganishwa tena na kuingia majini 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiiache kwa adui, lakini mashine wakazipaka grisi kwanza, kama mtu anayefunika chungu akijua atarudi. Waliorudi ni wengine. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Babu yangu aliipanda, baba aliipanda, mimi niliipanda nikienda shule.

Sasa njia: Kigoma jioni, king'ora, milima ya Kongo ng'ambo inageuka zambarau. Usiku kucha kusini. Ikola, Karema. Sehemu nyingi hakuna gati, kwa hiyo meli inasimama katikati ya maji meusi, inapiga king'ora, na kutoka gizani yanakuja maboti yenye taa. Kwanza unaona vitaa, kisha unasikia makasia, kisha matusi. Watu, mbuzi, magunia ya mchele, mwali anakwenda kuolewa, wote wanapandia mlango mmoja wa ubavuni. Kirando ndiyo kwetu. Pua: mafuta ya injini na migebuka mikavu. Kuna mtu atasema ni harufu mbaya. Basi.

Nilipokuwa nimefungiwa nilikuwa nafika Kirando, natupa begi kwenye boti, halafu sishuki. Kila siku sishuki. Nilijiuliza kwa nini, nikaona ni kwa sababu nikishuka itabidi nieleze nyumbani miaka 9 nilikuwa wapi.

Utingo Mstaafu

Mfipa, hapo mwisho umeniacha kimya. Mimi pia kuna mahali sishuki ila nitasema nikipata ujasiri.

Binti Shangani

Assalaam alaykum. Nimesoma yote nikamsomea na mama. Baba alitutoka, Mungu amrehemu, na mama yuko eda, imebaki wiki 5 kutimia miezi 4 na siku 10. Hatoki, na mwenyewe hataki hata kusikia habari ya kutoka. Lakini jioni akishaswali ananiambia "njoo tukachume".

Kwao ni Pemba. Basi tunapanda boti hapa Unguja, tunateremka Mkoani, tunapanda gari la shamba, na hapo mama ananisahihisha kila mti. Hunyamaza kidogo, kisha anasema harufu imefika. Karafuu mbichi ikiwa mtini haina kishindo, anasema, kishindo chake kinakuja ikianikwa kwenye majamvi na jua la saa 6. Tunachuma, tunakaa barazani usiku kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, na kila mchumaji analipwa kwa pishi zake. Wakubwa wanatoa hadithi ili watoto wasisinzie.

Juzi aliniambia kitu. Kwenye ile baraza ndipo baba alipomwona mara ya kwanza, alikuja kupima karafuu na akakosea hesabu mara mbili. Mimi nina miaka 31 na sikuwahi kuijua hadithi hii.

Mtoa mada, mama anakuombea shifaa. Anauliza kabichi mlikuwa mnazipimaje.

Utingo Mstaafu

Bi mkubwa shikamoo, na pole sana kwa msiba. Mwambie kabichi hazipimwi, zinahesabiwa kwa kurushwa. Mmoja chini anarusha, mmoja juu anadaka, wa tatu anahesabu kwa sauti, na mwenye shamba anahesabu kimoyomoyo. Hesabu zikitofautiana, chai ya tangawizi inapoa bure.

Ticha wa Milimani

Wakuu, mimi nilifundisha Lushoto miaka 6 kabla ya kuhamishwa. Utingo umepatia kila kona, hata mimi masikio yameziba hapa. Ila umeniacha na njaa: umepita Lushoto mjini kama hakuna kitu. Na Irente je, pale mwambani pa kutazamia bonde? Unaongeaje habari ya Lushoto bila Irente?

Utingo Mstaafu

Ndiyo hapo nilipokuwa nakwepa. Ticha, mimi Irente sijafika.

Miaka 4, wiki mara mbili, na sijafika. Tulikuwa tunaingia saa 9 alasiri, tunapakia hadi usiku, tunashuka gizani ili mboga ziwahi soko la alfajiri. Mlima ule mimi naujua kwa usiku. Naujua kwa harufu ya breki zikiungua na kwa sauti ya dereva akibadili gia. Wazungu walikuwa wanapita na mikoba yao wakielekea huko, nikawa najisemea safari ijayo. Halafu nikaoa, bosi akauza gari, ikaisha hivyo.

Kwa hiyo kila usiku nikifika Lushoto mjini natamani kukunja kwenda Irente, na sina cha kuona. Giza tupu. Ni kama mtu kazima taa.

Kidume cha Tegeta

Kumbe na wewe una Maldives yako.

Utingo Mstaafu

Umenipata mkuu. Nimekosa la kusema.

Ticha wa Milimani

Basi leo nakupeleka, mimi mbele wewe nyuma. Usilete haraka ya utingo, tunatembea.

Kutoka mjini ni kama kilomita 5. Mchana kweupe. Tunapanda kati ya migomba na mahindi, kila anayepita anasalimia na anasubiri uitikie, usipoitikia anarudia. Kuna shamba la Irente njiani, wanauza mkate mweusi wa rai, jibini na jamu. Tunanunua mkate, hela ninatoa mimi kwa sababu wewe mgonjwa. Mafyulisi na plamu watoto wanauza kwenye vikopo kama ni msimu. Pua inapata majani ya mikaratusi na udongo uliolowa.

Njia inapita kati ya nyumba za watu mpaka unadhani umepotea. Halafu ardhi inaisha. Unasimama juu ya mwamba na mbele yako hakuna kitu, ni hewa. Chini kabisa ni Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa kama daftari la hesabu, barabara kuu ni uzi, na malori ni siafu. Zaidi ya hapo tambarare ya Wamasai inakwenda hadi inakuwa rangi ya moshi. Ndege wanaruka chini yako. Hicho ndicho kilichokuwa kinanishangaza kila mara, kumtazama ndege mgongoni.

Sasa angalia ile siafu moja, lori la turubai kule upande wa Mombo. Ndiye wewe huyo, na nyimbo zako.

Utingo Mstaafu

Ticha, hapa ni saa 7 usiku nimesoma mara 3. Nimejiona.

Mchumi Mbishi

Mimi kwetu Matema. Kyela unapita, Ipinda, halafu Ziwa Nyasa linatokea na milima ya Livingstone imelala pembeni yake. Jumamosi kuna mnada wa vyungu pale Lyulilo, wamama wa Kikisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Pua: majani ya kuchomea vyungu. Bibi alikuwa ananipa kimoja nikibebe kichwani na alikuwa anajua nitakivunja.

Nimesema tu. Msinijibu.

Bi Mkasi

Hatukujibu baba. Karibu kiti.

Kidume cha Tegeta

Haya na mimi nimepanga foleni upya. Ukweli wangu ni treni ya TAZARA. Mwaka 2020 sikufungiwa na mtu, nilijifungia mwenyewe baada ya kupoteza kazi, miezi 3 hata dirishani sikutokea, ndugu walidhani nimesafiri. Na kweli nilikuwa nimesafiri. Dar, unapita mbugani unaona twiga wanaitazama treni kama inawachelewesha. Kisaki. Ifakara. Mlimba asubuhi, wauza ndizi wamejipanga chini ya madirisha na wanajua treni itasimama muda gani kuliko dereva. Baada ya Mlimba inaanza kupanda kuelekea Makambako na mahandaki yanaanza. Unaingia gizani, behewa zima linanyamaza, unatoka, watu wanaendelea na sentensi walipoishia.

Pua: breki na ndizi mbivu. Hayo mahandaki ndiyo nilikuwa nayataka. Gizani lakini unajua kuna upande wa pili.

Msambaa wa Lukozi

Wakuu, nimetumiwa uzi huu na mdogo wangu aliye Dar, nikacheka peke yangu dukani.

Nina duka la pembejeo hapa Lukozi. Huyo mama wa chai namjua, na bado hakopeshi. Lakini ngojeni niwaambie Lukozi yenu ya leo. Siku ya 4 hatujaliona jua. Ukungu umeingia hadi kwenye shelfu. Mvua inanyesha haipigi kelele, inakaa tu kama mgeni asiyeaga. Njia ya shamba ni utelezi, magari ya mboga yamepungua, wateja hawatoki, nimejifungia na koti juu ya koti. Jiko la mkaa nimeliweka nje ya mlango, maana kuota mkaa ndani umefunga madirisha kunaua watu kila mwaka wa baridi.

Kwa hiyo unapofumba macho kuja huku, ujue mimi huku nimefumba macho nakuja huko. Mimi mahali pangu ni Kariakoo saa 7 mchana. Nilikaa Dar miezi 8 mwaka 2012 kwa shangazi Mbagala. Nataka jua la utosini. Nataka kukanyagwa na watu. Utingo, wewe uko Mbagala, hebu nipeleke. Kituo kwa kituo, masharti ni yako mwenyewe.

Utingo Mstaafu

Wewe ndiye ndugu yangu. Panda.

Tuko Rangi Tatu. Usikae dirisha la kulia, jua lote liko huko. Ah, kumbe ndilo unalolitaka, kaa. Konda anasema "bado wawili", tunajua ni uongo, bado kumi na wawili. Pua: jasho, mahindi ya kuchoma, na dizeli. Mama mmoja kapanda na ndoo ya samaki imefunikwa kanga na maji yake yanakudondokea kwenye kiatu, hasemi samahani, anasema "sogea mwanangu".

Zakhiem. Mtu kasimama mlangoni hataki kuingia ndani wala kushuka. Mtongani. Kwa Aziz Ali, hapa tunakaa, foleni. Vijana wanapita na maji baridi, korosho, chaja za simu, taulo. Unanunua maji, unajimwagia nusu. Sabasaba. Uhasibu. Kuna mzee nyuma anaeleza siasa kwa sauti na hakuna aliyemuuliza. Bendera Tatu, upepo kidogo wa bandari unaingia, unatoka. Kamata.

Sasa fungua macho yako ya ndani. Lile soko kubwa liliungua Julai 2021, wewe unalikumbuka lile la zamani lenye miamvuli ya zege na ule upande wa Shimoni. Nakupeleka lile lile la kwako la 2012. Mtaa wa Kongo, hakuna pa kukanyaga, nguo zimetandazwa mpaka barabarani, spika tatu zinatangaza bei tatu tofauti za kitu kimoja. Mkokoteni nyuma yako unapiga mluzi, usipopisha unabebwa. Jua liko utosini, na kivuli chako chote umekikanyaga.

Ajabu, nimekaa huku miaka yote na sijawahi kuieleza njia hii. Nimesikia mpaka mluzi.

Msambaa wa Lukozi

Nimevua koti moja.

Utingo Mstaafu

Msimbazi wa kushuka yupo?

Msambaa wa Lukozi

Yupo. Shusha.